Mali ya Mtani

Kifo cha Maduhu niliambiwa na bintiye, Kabula, kwa simu, asubuhi moja nikiwa jikoni nakoroga uji wa ulezi. "Shikamoo mama mkubwa," alisema. "Baba ametutoka." Nikaitika marahaba, nikampa pole, nikauliza maziko ni lini na wapi. Jumamosi, akasema, nyumbani kwao Kisesa. Nikaweka simu, nikamimina uji, nikaongeza sukari kuliko anavyoniruhusu daktari, nikanywa mpaka nikakwangua sufuria. Watu husema marehemu hasemwi vibaya, na mimi nakubali kwamba huo ni utaratibu mzuri kwa wale ambao marehemu hakuwadhulumu. Maisha yangu yote ya kazi nimechunguza kwa nini kiumbe huzeeka, na kwa nini samaki wawili waliolelewa kwa maji mamoja na chakula kimoja, mmoja hupinda mgongo mapema na mwingine huendelea kudunda. Wageni wakiniuliza nilivutiwa na nini katika elimu hiyo, huwapa majibu ya heshima, kuhusu afya ya wazee na maendeleo ya taifa. Jibu la kweli ni kwamba nilitaka kuishi kumzidi Maduhu, na asubuhi ile nilijua nimemzidi.

Yote yalitokea mwaka wa uhuru. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya bweni na kuajiriwa msaidizi wa maabara katika kituo kidogo cha utafiti pale Mwanza, juu ya mawe, ziwa likionekana kwa chini. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu vya mabati na mbao. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Dokta Wickham, Mwingereza mrefu aliyependa kutembea na soksi zilizovutwa hadi magotini. Cha pili kilikuwa cha matangi ya vioo, yamepangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari, na humo ndimo nilimokaa mimi kutwa nzima. Cha tatu kilikuwa sebule ya chai, yenye benchi mbili na jiko la mkaa mlangoni, alipotawala shangazi yangu Bi Zuhura. Yeye ndiye aliyekuwa akitupikia, na ndiye niliyekuwa nikilala kwake, mtaa wa Rufiji, pamoja na watu wetu wengine waliotoka Pwani miaka mingi nyuma na kusahau kurudi. Kuta za mbao zilikuwa nyembamba. Mtu akikohoa kwa Dokta, sebuleni tulimwambia pole.

Kazi yetu ilikuwa samaki wa madimbwi. Watu wa kule mbugani, kuanzia Kisesa hadi Magu, wanawajua: mvua ikinyesha na udongo mweusi ukishika maji, wiki chache baadaye dimbwi lina samaki wadogo, madume yamejaa rangi utadhani yamevaa kanga za sikukuu. Hakuna aliyewapandikiza wala mto uliowaleta. Dimbwi likikauka wanakufa wote, lakini mayai yao hubaki ndani ya tope lililopasukapasuka, yamelala, mpaka mvua nyingine iyaamshe. Dokta alikuwa ameletwa kutazama kama samaki hao wanaweza kula viluwiluwi vya mbu, na watu wa Kisesa walimwita Bwana Madimbwi. Yeye aliamini wanakufa kwa sababu maji yanakwisha. Mimi niliyeyabadilisha maji hayo kila siku niliona jambo jingine. Kwenye matangi maji hayakukauka kamwe, na bado walizeeka mbele ya macho yangu: rangi inachuja, mgongo unapinda, dume lililokuwa linafukuza wenzake sasa linajibanza pembeni na kukikosa chakula kilicho mbele ya mdomo. Uzee ulikuwa ndani yao, haukuletwa na jua. Nilimwambia Dokta. Akasema niendelee kutazama.

Maduhu alikuwa msaidizi mwenzangu. Alikuwa Msukuma wa Kisesa, mrefu, mcheshi, mwenye meno meupe na maneno mengi, na madimbwi mengi tuliyochota samaki yalikuwa karibu na kwao. Mimi ni Mzaramo. Msomaji wa nyumbani ameshaelewa. Kwa asiyejua, niseme tu kwamba Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki juu yako ambazo hata ndugu yako wa tumbo moja hana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kofia yako kichwani na kuondoka nayo. Kwenye msiba wako anaweza kuzuia maziko mpaka apewe anachotaka. Wewe unachotakiwa kufanya ni kucheka, na ukikasirika wewe ndiye uliyevunja mila.

Kwa hiyo tulitaniana kutwa. Maduhu angeingia asubuhi akipaza salamu ya kwao, "Mwangaluka, Mzaramo! Bado hujaenda ngomani?" nami ningemjibu, "Nimekungoja wewe uniletee ng'ombe wa kuchinja, mla michembe," yaani vile viazi vitamu vya kukausha vya kwao. Mchana Bi Zuhura alitupakulia wali na sato wa nazi, sato wa kweli wa wakati ule, sangara tulikuwa hatujamjua bado, na Maduhu angenyoosha mkono moja kwa moja kwenye sahani yangu na kuondoka na kipande kinono. "Mali ya mtani haina mwenyewe," angesema mdomo umejaa. Mimi nilikuwa nikimfichia mwavuli wake, nikimmwagia chumvi kwenye chai. Tulicheka sana. Nayaandika haya nikijua kwamba nilifurahi, na hilo nalo namdai.

Katika tangi la pembeni, karibu na dirisha, alikuwepo jike mmoja niliyemwita Bibi. Tulimchota Kisesa pamoja na wenzake wa dimbwi lile lile, lakini wenzake walipoisha kupinda na kufa, yeye alikuwa bado anapanda juu kupokea chakula na bado anataga. Nikachukua mayai yake ya mwisho, yale aliyoyataga katika uzee, nikayahifadhi kwenye tope, nikayapa maji kwa wakati wake. Wanawe nikawaweka tangi moja na watoto wa majike wengine, maji hayo hayo, viluwiluwi hivyo hivyo. Niliwatofautisha kwa kuwakata ncha ndogo ya pezi. Wale wengine wakaanza kuzeeka. Wa Bibi wakaendelea kung'aa. Nilikuwa naamka asubuhi na kukimbia mlima bila kunywa chai ili nikawaone kama bado wapo, na walikuwepo. Sikuwa na neno la vinasaba wakati huo, wala hakuna aliyekuwa nalo kwa Kiswahili, ila nilielewa vizuri nilichokuwa nakitazama: muda wa kuishi ulikuwa unarithiwa, kama pua. Nilimwambia mtu mmoja tu kabla ya kumwambia Dokta, kwa sababu nilitaka kwanza niwe na wajukuu wa Bibi mkononi. Mtu huyo alikuwa Maduhu. Alisikiliza bila kutania hata neno moja. Ningepaswa kushtuka pale pale.

Wajukuu walikuwa bado mayai. Wana wa Bibi walipokwisha kufa, wakiwa wamewaacha mbali wenzao, ukoo mzima ulibaki ndani ya kopo moja la maziwa, kwenye tope lenye unyevu kidogo, nimelifunga kitambaa na uzi mwekundu shingoni. Kopo lilikaa rafu ya juu karibu na dirisha. Kila mtu kituoni alijua ni langu, hata mfagiaji hakuligusa. Nilikuwa nangoja mwezi wa mvua niyape maji, kisha niingie kwa Dokta na kumwonyesha. Na wakati huohuo habari zilikuwa zimeenea kwamba Dokta anaondoka, kwamba serikali mpya itataka watu wake, na kwamba kuna nafasi moja ya kwenda kusoma Ulaya kwa mmoja wetu atakayeonekana ana jambo la kulifuata. Nilikuwa na jambo. Lilikuwa ndani ya kopo.

Siku ile tulikuwa sebuleni kwenye chai ya saa nne, watu wote wa kituo, na vitumbua vya Bi Zuhura bado vya moto. Maduhu akaingia akitokea chumba cha matangi, amelibeba kopo langu kichwani kama mwanamke aliyebeba mtungi, mkono mmoja kiunoni, anatembea kwa maringo. "Jamani!" akasema. "Nimechukua mali ya mtani wangu! Nani ana neno?" Dereva akapiga makofi. Mfagiaji akapiga kigelegele cha kiume. Maduhu akalizungusha kopo, akalibusu, akaniinamia. "Mzaramo, una neno?"

Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Nilidhani atalirudisha kwenye rafu, kama alivyorudisha kiatu changu, kama alivyorudisha kitana. Nikamjibu kama mtani anavyojibu: "Chukua, chukua, mla michembe, ukale na tope lake!" Watu wakazidi kucheka, na Maduhu akatoka nalo.

Jioni kopo halikuwa kwenye rafu. Kesho yake halikuwepo pia, na nilipomwuliza akasema, "Si ulinipa?" akiwa anacheka. Siku chache baadaye nilikuwa sebuleni nikimsaidia shangazi kuchambua mchele, nikasikia sauti ya Maduhu upande wa pili wa mbao, kwa Kiingereza chake kizuri cha polepole, akimweleza Dokta habari za jike mmoja kutoka dimbwi la kwao Kisesa, na wanawe walioishi kupita wenzao, na wajukuu anaowatunza. Alieleza mpaka ncha za mapezi. Dokta akauliza, "Na yule binti wa matangi?" Maduhu akacheka kidogo, kicheko cha upole kabisa. "Mwajuma hunisaidia kubadilisha maji, bwana. Ni mtani wangu, anaweza kukuambia lolote. Usimchukulie." Mchele ulikuwa mkononi mwangu. Bi Zuhura, ambaye Kiingereza hakukijua, aliniangalia uso akaniuliza nani amekufa.

Niliinuka nikaingia. Niliingia bila kubisha hodi, na wenzangu wakanifuata mlangoni kwa sababu nilikuwa sijawahi kupaza sauti namna ile. Nikasema Maduhu ni mwizi. Nikasema samaki ni wangu, Bibi ni wangu, fikra ni yangu, na kopo ni langu. Nilisema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na nilikuwa nalia, jambo linaloniudhi mpaka leo. Maduhu hakukasirika. Alifungua mikono, akageukia watu mlangoni. "Jamani, mtani haibi, mtani huchukua. Nilichukua mbele yenu au sikuchukua mbele yenu?" Dereva akasema, "Alichukua mbele yetu." "Na yeye alisema nini?" Wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza: "Chukua, mla michembe!" Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Kamanga, ng'ambo ya maji. Dokta alimtazama Maduhu amweleze, naye akamweleza kwamba hiyo ni mila yetu, mchezo wa makabila mawili, na kwamba hizi ndizo kelele zake. Dokta akatabasamu. Alipenda mila. Akanipigapiga begani akasema anashukuru kwa kumwonyesha.

Nyumbani nilitegemea walau shangazi yangu awe upande wangu. Alikuwa anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Mwanangu, ulicheka?"

"Nilicheka, shangazi, lakini sikujua."

"Aliyecheka ametoa," akasema. "Sisi ndivyo tulivyo nao. Ukidai leo, utaitwa Mzaramo asiye na adabu, na mimi nitaitwa niliyekulea. Nyamaza. Iko siku nao watakuwa na msiba."

Nilimchukia kwa maneno hayo. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba hakuwa akinituliza, alikuwa akinielekeza njia.

Mvua za mwaka ule kila mzee wa kanda hii anazikumbuka. Zilianza na hazikujua kuacha. Ziwa likapanda likameza njia na mashamba, na usiku wa kupandishwa bendera tulisimama uwanjani tumelowa, tukiimba. Niliimba na mimi, kwa kuwa nchi haikunikosea kitu. Huko Kisesa madimbwi yote yaliungana yakawa maji mamoja, na dimbwi la Bibi likapotea; nilikwenda mara nyingi baadaye na sikupata tena samaki wa namna yake. Maduhu aliyapa mayai yangu maji ndani ya tangi langu. Yakaanguliwa. Wakaishi sana, kama nilivyojua wataishi. Akaondoka nao kwenda Ulaya, mayai yao kwenye kopo jipya, na alipokuja kutuaga aliniletea zawadi ya michembe.

Mengine yote ni maisha tu. Nami nilisoma, kwa njia ndefu, kwa miaka ambayo wengine walikuwa wanalea. Nilipata maabara yangu, wanafunzi wangu, na heshima ya kutosha. Lakini katika elimu yetu wale samaki wanajulikana dunia nzima kama Ukoo wa Maduhu, na kila nilipoandika jambo kuhusu uzee nililazimika kuliandika jina hilo kwa mkono wangu mwenyewe, nikimshukuru kwa kuwapata. Tulikutana kwenye mikutano. Alikuwa akisimama mbele ya ukumbi, profesa mwenye mvi nzuri, na kusema, "Yule pale ni mtani wangu, msimwamini!" na ukumbi ulicheka, na mimi nilionyesha meno. Vijana wakaniona mcheshi. Wanasema subira huvuta heri. Yangu mimi ilikuwa ikivuta kamba nyingine kabisa, na niliivuta bila kupumzika. Niliacha sigara kwa ajili yake. Nilitembea kila asubuhi kwa ajili yake. Niliposikia ana kisukari nilikwenda kupima cha kwangu.

Jumamosi nikavaa kanga mpya nikaenda Kisesa. Watu walikuwa wengi, magari yamepangwa mpaka barabarani, vyuo vikuu vimeleta mashada. Kabula alikuja kunipokea, mama mtu mzima sasa, daktari wa samaki kama baba yake, na yeye ndiye mwenye maabara na matangi yote aliyoyaacha. Akanishika mikono, akaniketisha, akaniletea chai mwenyewe. "Mama mkubwa," akasema, akitabasamu katikati ya machozi, "baba alikupenda sana. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa anatusimulia ile hadithi ya kopo. Alivyolibeba kichwani. Anacheka mpaka anakohoa." Nikamwuliza, "Na hadithi inaishaje, mwanangu?" Akafikiri. "Inaishia hapo. Wewe unasema chukua, mla michembe." Nilikunywa chai yote. Nilikuwa nimekuja nikiwa na mashaka kidogo kama nitafanya nililokusudia. Baada ya chai hiyo mashaka yakaisha.

Mchungaji alipomaliza kuomba na vijana walipoinua jeneza, nikapita katikati yao, nikakaa ukingoni mwa kaburi, miguu yangu ikining'inia ndani. "Hazikwi mtu," nikasema.

Kwanza watu wakatazamana, halafu mzee mmoja wa pale akatambua, akapaza sauti kwa furaha: "Mtani! Mzaramo huyo!" Msiba mzima ukashusha pumzi. Watu wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Wakanitupia noti na sarafu kwenye mapaja, nikazisukumia kaburini. Wakaniahidi mbuzi, nikasema mbuzi wao ana kwikwi. Wakaniletea koti la profesa. Nikasema nguo ya mwizi inawasha. Walicheka, walishikana mabega.

"Sasa mtani unataka nini?" mzee akauliza.

"Samaki wangu," nikasema. "Huyu mla michembe aliniibia samaki ndani ya kopo, mwaka wa uhuru. Alikwenda kuwauza Ulaya kwa jina lake. Amekula kwa samaki hao maisha yake yote, na jeneza hili limenunuliwa kwa samaki wangu. Nataka nirudishiwe wote, na jina lao la kwanza: Ukoo wa Bibi. Nataka liandikwe hivyo kila linapoandikwa. La sivyo ninalala humu mimi, naye akalale barabarani na ng'ombe zake."

Niliyasema maneno yote yale, kila moja, mbele ya maprofesa na mashada yao, na sikuacha hata moja. Sijawahi kupata raha kama ile. Nao walicheka. Wageni wa vyuo vikuu walicheka, wengine wakitafsiriana. Vijana wenye jeneza walicheka mpaka likayumba. Mzee akapiga magoti kwa kicheko, akasema, "Apewe! Mtani amesema, apewe!"

"Mimi sipokei kwako," nikamwambia. "Mali iko kwa binti."

Wakamsukuma Kabula mbele. Alikuwa na leso mdomoni, na macho yake yakakutana na yangu, na nikaona kwamba yeye peke yake, katika watu wote wale, alikuwa ameanza kusikia. Watu wakamhimiza: "Toa, mama, jua linazama! Mtani hakataliwi!"

"Nimetoa, mama mkubwa," akasema polepole. "Samaki wote. Na jina."

"Jina gani?"

"Ukoo wa Bibi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya hawa wote."

"Basi mbona hucheki?" nikamwuliza. "Umekasirika? Binti wa Msukuma, unamkasirikia mtani, mbele ya jeneza la baba yako?"

Umati ukaguna, ukamsubiri. Alijua mila kama nilivyoijua mimi. Akaondoa leso mdomoni, kikamtoka: kicheko kifupi, chenye machozi, lakini kila mtu alikisikia.

Nikanyoosha mkono vijana waniinue. Nikakung'uta udongo kwenye kanga yangu, nikawaachia kaburi lao wamzike.